Intaneti ya simu na kazi ya mbali katika Afrika Mashariki

Kazi ya mbali ni utaratibu ambapo mwajiriwa, au mtu aliyejiajiri, anatimiza majukumu yake akiwa nje ya ofisi ya mwajiri au mteja, mara nyingi nyumbani, na kupeleka matokeo kwa njia ya mawasiliano ya kielektroniki. Katika nchi za Afrika Mashariki utaratibu huu hutegemea zaidi intaneti ya simu, yaani ile inayopita kwenye minara ya kampuni za simu za mkononi, kwa sababu nyumba nyingi hazijafikiwa na waya wa intaneti.

Kuenea kwa mitandao ya kizazi cha tatu (3G), cha nne (4G) na cha tano (5G) ndiko kulikoiwezesha kazi ya mbali kutoka kwenye ofisi chache za miji mikuu na kuingia majumbani. Hata hivyo kasi inayotangazwa na kampuni si kipimo pekee. Mtu anayefanya kazi akiwa nyumbani Mwanza, Eldoret au Mbarara hutegemea pia kasi ya kupakia, uthabiti wa mawimbi, bei ya bando na umeme, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyoamua kama kazi itafika kwa wakati.

Wazo na jina lake

Wazo la kupeleka kazi kwa mfanyakazi badala ya kumleta mfanyakazi kwenye kazi ni la zamani kuliko intaneti ya umma. Mwaka 1973 Jack Nilles, mhandisi aliyekuwa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California nchini Marekani, alianza kuchunguza kama makarani wangeweza kufanya kazi karibu na makwao kwa kutumia nyaya za simu badala ya kusafiri kila siku hadi katikati ya jiji la Los Angeles. Mwaka huohuo bei ya mafuta ilipanda sana duniani, na foleni za magari zilionekana kuwa gharama ya taifa zima. Matokeo ya uchunguzi wake yalitolewa kama kitabu mwaka 1976.

Katika Kiswahili cha kila siku maneno hayajatulia. "Kazi ya mbali" na "kufanya kazi nyumbani" hutumika kwa mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara. "Kazi za mtandaoni", hasa nchini Kenya, humaanisha vibarua vinavyopatikana kwenye tovuti za kimataifa: kunakili sauti kwa maandishi, kutafsiri, kuandika, kuchora nembo au kuweka alama kwenye picha zinazofundishia kompyuta. Makundi haya mawili hutumia intaneti ileile, lakini kinga zao hazifanani. Mwajiriwa asiyepatikana kwa saa mbili huulizwa kulikoni. Kibarua wa mtandaoni asiyepatikana kwa saa mbili huweza kukuta kazi imekwisha kupewa mtu mwingine.

Pale ambapo siku kadhaa za juma hutumika ofisini na nyingine nyumbani, utaratibu huitwa wa mseto.

Kutoka setilaiti hadi mkongo wa bahari

Hadi mwaka 2009 pwani ya Kenya na Tanzania haikuwa na mkongo wa mawasiliano wa baharini unaoiunganisha na dunia. Data zilipita kwenye setilaiti zinazozunguka juu ya ikweta kwenye kimo cha kilomita 36,000 hivi. Wimbi linalopanda hadi huko na kushuka husafiri kilomita 72,000, na jibu lake husafiri umbali huohuo tena. Hata kwa mwendo wa nuru, safari ya kwenda na kurudi huchukua karibu nusu sekunde. Baruapepe haidhuriki kwa kuchelewa huko. Mazungumzo hudhurika: watu huanza kusema kwa pamoja, hunyamaza kwa pamoja, kisha huanza tena kwa pamoja. Isitoshe, setilaiti zilikuwa ghali, na ofisi nzima iliweza kugawana kiasi cha data ambacho leo simu moja hutumia.

Mkongo wa TEAMS, unaotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa mwezi Juni 2009. Mwezi uliofuata ulizinduliwa SEACOM, unaounganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na nchi za kaskazini. EASSy ulifuata mwaka 2010. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa kilomita 5,000 kati ya Mombasa na Fujairah huvukwa kwa takriban milisekunde 25. Serikali nazo zilijenga njia za nchi kavu. Nchini Tanzania ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, nao umefikisha uwezo huo mikoani na kwenye mipaka ya nchi zisizo na bahari kama Rwanda, Burundi na Zambia.

Mkongo peke yake haufiki sebuleni. Kipande cha mwisho, kutoka mjini hadi kwa mtumiaji, kilichukuliwa na minara ya simu. Kampuni za Tanzania na Kenya zilikuwa zimekwisha kuanza kuwasha 3G mijini mwaka 2007 na 2008. Smile ilianzisha 4G Dar es Salaam mwaka 2012. Mwishoni mwa 2014 ilifuata Safaricom nchini Kenya, na pia Rwanda, ambako serikali ilishirikiana na kampuni ya Korea Kusini kujenga mtandao mmoja wa 4G wa kuuzia kampuni nyingine kwa jumla. 5G ya kibiashara ilianza Kenya na Tanzania mwaka 2022.

Si kila jaribio lilidumu. Julai 2020 kampuni ya Loon, iliyo chini ya wamiliki wa Google, ilishirikiana na Telkom Kenya kurusha maputo yenye vifaa vya 4G juu ya sehemu za magharibi na kati za Kenya. Januari 2021 Loon ilitangaza kufungwa kwa sababu biashara haikulipa, na huduma ikakoma miezi michache tu baada ya kuanza.

Kasi inavyogusa kazi yenyewe

Kasi ya intaneti hupimwa kwa biti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti. Baiti 1 ni biti 8. Wateja wengi huchanganya vipimo hivi, na matangazo ya biashara hayana haraka ya kuwasahihisha. Mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1 tu kila sekunde.

Mfano mmoja unaonyesha tofauti ya vizazi. Mhasibu anataka kumtumia mwajiri wake faili la megabaiti 100, ambalo ni sawa na megabiti 800. Kwenye mtandao wa kizazi cha pili ulioboreshwa (EDGE), unaopitisha kilobiti 200 hivi kwa sekunde hali ikiwa nzuri, faili hilo litachukua zaidi ya saa 1. Kwenye 3G inayopakia megabiti 1 kwa sekunde litachukua dakika 13. Kwenye 4G inayopakia megabiti 10 litachukua sekunde 80. Anayesubiri saa nzima hupanga siku yake kulizunguka faili: hulituma usiku, au hupanda daladala na kulipeleka mwenyewe kwenye kidude cha kuhifadhia data. Anayesubiri sekunde 80 hukaa tu na kuendelea na kazi nyingine. Kwa maana hiyo mwendo wa kasi haukuongeza starehe tu, uliondoa safari.

Neno muhimu katika mfano huo ni "kupakia". Mtumiaji wa kawaida hupakua zaidi: hutazama video, husoma habari, hupokea picha. Mfanyakazi wa mbali hupakia pia, kwa sababu kazi yake hutoka kwake kwenda kwa wengine, na sura yake kwenye mkutano wa video ni data inayopakiwa bila kukoma. Mitandao ya simu haikugawa njia hizi mbili sawasawa. Kwenye 4G ya kawaida yenye upana wa masafa wa megahezi 20, kikomo cha kinadharia ni megabiti 150 kwa sekunde kupakua na 50 kupakia. Kuna sababu nyingine ya kimaumbile: mnara hurusha mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati, wakati simu hurusha kwa takriban sehemu ya tano ya wati moja. Mtu aliye mbali na mnara husikia vizuri lakini hasikiki vizuri. Ndiyo maana katika mikutano mtu anaweza kuwaona wenzake wote bila tatizo huku wao wakimwona ameganda mdomo wazi.

Kitu cha pili ni muda wa kuchelewa, yaani muda unaopita kati ya kutuma na kupokea jibu. Mitandao ya 3G huchelewesha kwa milisekunde 100 au zaidi, na 4G hushusha kiasi hicho hadi karibu nusu. Hili huhisiwa zaidi na wale wanaotumia programu zilizo kwenye kompyuta ya ofisini au kwenye wingu, ambako kila herufi inayoandikwa husafiri hadi seva na kurudi. Mbaya zaidi ni kuchelewa kunakobadilikabadilika. Programu za mikutano huweza kuzoea kuchelewa kulikotulia, lakini sauti hukatika pale sehemu moja inapofika mapema na nyingine ikakwama.

Tatu, mawimbi ya mnara hugawanywa kwa wote waliomo katika eneo lake. Megabiti 150 zilizotajwa si za mteja mmoja. Saa za jioni, watu wanaporudi nyumbani na kufungua video, kasi hushuka katika mitaa yenye watu wengi, na ndizo saa ambazo wateja walioko Marekani huwa ofisini. Wafanyakazi wengi wanaohudumia nchi hizo hupanga kazi nzito usiku wa manane au alfajiri, mnara unapokuwa mtupu.

Nyumba yenyewe nayo huhesabika. Paa la mabati na kuta za zege hupunguza mawimbi, hasa yale ya masafa ya juu. Masafa ya megahezi 700 na 800 husafiri mbali na kupenya kuta, lakini hubeba data chache. Masafa ya megahezi 3500, yanayotumiwa sana na 5G, hubeba data nyingi lakini huchoka haraka. Kwa sababu hiyo ruta inayowekwa dirishani upande wa mnara hufanya kazi vizuri kuliko ileile ikiwa nyuma ya kabati, na simu inayotumika kama hotspoti mfukoni mwa suruali haiwezi kushindana nayo.

Mwaka 2020

Kabla ya ugonjwa wa UVIKO-19 waajiri wengi wa eneo hili waliona kazi ya mbali kuwa fadhila kwa mameneja au kisingizio cha wavivu. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alizitaka ofisi za serikali na kampuni ziwaruhusu watu wafanye kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Rwanda na Uganda zilifunga shughuli nyingi kabla ya mwezi huo kwisha. Tanzania ilifunga shule na vyuo lakini haikuwafungia watu majumbani, kwa hiyo huko mabadiliko yalikuja zaidi kupitia benki, mashirika ya kimataifa na kampuni zenye makao makuu nje.

Jambo hilo lilitokea duniani kote. Programu ya mikutano ya Zoom, iliyokuwa na washiriki milioni 10 wa mikutano kwa siku mwezi Desemba 2019, ilifikisha milioni 300 mwezi Aprili 2020. Tofauti ilikuwa kwenye njia. Mfanyakazi wa London au Seoul aliyeambiwa abaki nyumbani aliunganisha kompyuta kwenye waya uliokuwepo tayari na ambao bili yake haikuongezeka. Mwenzake wa Kampala aliwasha hotspoti na kuanza kuhesabu megabaiti.

Gharama ya bando

Mkutano wa video wa watu wawili wenye picha safi huhitaji takriban megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na nyingine 1.2 kurudi. Kwa saa moja hiyo ni zaidi kidogo ya gigabaiti 1. Mkutano mmoja wa saa moja kila siku ya kazi humaliza zaidi ya gigabaiti 20 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu faili, barua na masasisho ya programu ambayo kompyuta mpakato hujipakulia bila kuuliza. Sauti peke yake ni nafuu mno: kwa kilobiti 80 kila upande, saa moja hula megabaiti 72.

Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba ifikapo 2025 bei ya huduma ya mwanzo isizidi asilimia 2 ya pato la mwezi la mtu wa kawaida. Huduma ya mwanzo kwa upande wa simu ilikuwa ikipimwa kwa gigabaiti 2. Kipimo hicho kinafaa kwa mtu anayesoma habari na kuzungumza na jamaa zake. Kwa mfanyakazi wa mbali gigabaiti 2 haziishi hata mikutano miwili ya saa moja, kwa hiyo nchi inaweza kufikia lengo na bado kazi ya mbali ikawa anasa.

Kutokana na hali hii kumezuka adabu yake ya kazi. Kamera huzimwa mara baada ya salamu. Taarifa hutumwa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Faili hubanwa kabla ya kutumwa. Wengi hubeba laini mbili au tatu za kampuni tofauti, wakihama kutoka moja hadi nyingine kufuata ofa ya usiku au ya mwisho wa juma. Mameneja walioko nchi zenye intaneti ya waya wamewahi kuelewa vibaya kamera iliyozimwa, wakiichukulia kuwa dalili ya mtu asiyekuwepo kazini.

Kwa kuwa bando limekuwa zana ya kazi, mabadiliko ya bei yake hugusa riziki. Mwanzoni mwa Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika Tanzania, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ilisitisha mabadiliko hayo mara moja na kurudisha viwango vya awali. Nchini Uganda, kuanzia Julai 2018, kila aliyetumia WhatsApp, Facebook na mitandao ya aina hiyo alitakiwa kulipa kodi ya shilingi 200 kwa siku. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwa mtu anayefanya kazi mtandaoni mabadiliko hayo yalimaanisha kwamba kadiri anavyofanya kazi zaidi ndivyo anavyotozwa zaidi.

Jambo ambalo mikataba mingi hukaa kimya ni nani anunue bando. Ofisini, mwajiri hulipia umeme, maji, kiti na intaneti. Mfanyakazi akihamia nyumbani bila makubaliano, gharama hizo humfuata yeye. Waajiri wengine hutoa posho ya mawasiliano, wengine hutuma vifurushi moja kwa moja kwenye namba ya mfanyakazi, na wengine huona kwamba nauli aliyookoa inatosha. Hoja ya nauli ina ukweli kwa anayetumia mabasi mawili kutoka Mbagala hadi Masaki. Haina ukweli kwa aliyekuwa akienda kazini kwa miguu.

Kukatika kwa umeme na mtandao

Mnara wa simu huwa na betri, na mingi ina jenereta, kwa hiyo umeme ukikatika mtaani mawimbi huweza kuendelea kwa saa kadhaa. Kompyuta mpakato na ruta ndizo huzimika kwanza. Wakati wa mgawo wa umeme nchini Tanzania mwishoni mwa 2023, na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani kwa wakati mmoja, simu ilikuwa chombo cha mwisho kubaki hai. Hii ni faida ya kweli ya intaneti ya simu juu ya ile ya waya: mtu aliyejaza betri ya akiba mapema huweza kumaliza kazi yake gizani.

Hatari nyingine iko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Minara ilisimama na simu zilionyesha mawimbi kamili, lakini data hazikuwa na njia ya kutosha ya kutokea. Tanzania iliathirika sana, na Kenya, Uganda na Rwanda zilisikia kishindo kwa viwango tofauti. Kwa siku chache za mwanzo ofisi nyingi zilirudi kwenye simu za kawaida na ujumbe mfupi. Tukio hilo lilionyesha kwamba 5G haisaidii kitu ikiwa njia inayofuata baada ya mnara imezibwa.

Wakati mwingine mtandao huzimwa kwa amri. Kongo ilizima intaneti baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, kwa takriban siku 20. Uganda ilifanya hivyo wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 kwa siku kadhaa, na Tanzania wakati wa uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025. Mjadala kuhusu hatua hizo huwa wa kisiasa zaidi, lakini kwa kibarua wa mtandaoni athari yake ni ya moja kwa moja, kwani mteja wa nchi ya mbali huona tu kwamba mtu aliyeahidi kazi Jumatano amepotea bila neno. Waliokuwa karibu na mpaka wameweza kuvuka na kutafuta mtandao wa nchi jirani. Wengine hawakuwa na la kufanya.

Nani anaweza kufanya kazi ya mbali

Mwaka 2020 wanauchumi Jonathan Dingel na Brent Neiman wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria kwamba asilimia 37 ya kazi za Marekani zingeweza kufanywa zote nyumbani, na kwamba sehemu hiyo ni ndogo zaidi katika nchi za kipato cha chini. Sababu si intaneti peke yake. Mkulima, fundi gereji, mama lishe na dereva wa bodaboda hawawezi kupeleka kazi yao nyumbani hata wangepewa 5G ya bure, na hao ndio wengi. Intaneti ya simu huwasaidia kwa njia nyingine, kama kupata wateja na kulipwa kwa simu. Kazi ya mbali ni ya wahasibu, waandaaji wa programu, watafsiri, wahudumu wa wateja, wahariri, walimu wa ziada na watu wa aina hiyo.

Serikali ya Kenya ilianzisha mwaka 2016 mpango wa Ajira Digital ili kuwafundisha vijana kutafuta kazi za mtandaoni, na vituo vya mafunzo vimefunguliwa katika kaunti. Nchini Tanzania, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili kampuni zijenge minara vijijini ambako biashara pekee isingezivuta. Mpango wa kwanza hutengeneza wafanyakazi na wa pili hutengeneza njia. Kijana wa kijijini huhitaji yote mawili, pamoja na kompyuta, ambayo mara nyingi ndiyo ghali kuliko vyote.

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuhusu manufaa ya kazi ya nyumbani ulifanyika Uchina, katika kampuni ya usafiri ya Ctrip mjini Shanghai, chini ya Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake. Ulichapishwa mwaka 2015. Wahudumu wa simu waliobaki nyumbani kwa miezi 9 walifanya kazi kwa asilimia 13 zaidi ya wenzao wa ofisini, na wachache wao waliacha kazi. Hata hivyo jaribio lilipokwisha, karibu nusu waliomba kurudi ofisini, wengi wakilalamikia upweke. Kinachosahaulika ni masharti ya kushiriki: kila mmoja alitakiwa kuwa na intaneti ya kasi nyumbani na chumba chake mwenyewe cha kufanyia kazi. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na familia ya watu sita, sharti la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Wanawake huguswa kwa namna mbili. Mama mwenye mtoto mchanga huweza kuendelea na ajira ambayo vinginevyo angeiacha. Papo hapo, aliye nyumbani huonekana yupo tu: mgeni hukaribishwa, mtoto wa jirani huachwa kwake, na chakula cha mchana humsubiri yeye akipike. Saa zinazopotea hufidiwa usiku.

Sheria na usalama wa data

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma na saa 9 kwa siku. Iliandikwa wakati kazi ilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Simu inayopokea ujumbe wa kazi saa 4 usiku haina mlango huo, na ni vigumu kuhesabu dakika tano tano za majibu kuwa saa za ziada.

Ufaransa iliweka kisheria haki ya mfanyakazi kutopatikana baada ya saa za kazi kuanzia Januari 2017. Ureno ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021 kwa kumzuia mwajiri kuwasiliana na wafanyakazi nje ya saa na kumtaka achangie gharama za ziada za umeme na intaneti. Nchini Kenya muswada wenye wazo la kutopatikana uliwasilishwa katika Seneti mwaka 2022, na waajiri waliupinga wakidai utaongeza gharama.

Kuhusu usalama, Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Mfanyakazi wa benki anayefungua taarifa za wateja sebuleni bado anafungwa nazo kama aliye ofisini. Mtandao wa simu husimba data kati ya simu na mnara, kwa hiyo hotspoti ya mtu mwenyewe ni salama kuliko Wi-Fi ya bure ya mgahawani. Mashirika mengi huongeza njia ya pili iliyosimbwa kutoka kompyuta hadi seva zao, ambayo hula data kidogo zaidi na huongeza kuchelewa. Kompyuta inayotumiwa na familia nzima ni tatizo kubwa zaidi, na mwajiri asiyetoa kompyuta ya kazi hulibeba bila kujua.